Kitu hakitoki ndani mpaka kiwe na pa kwenda

Jamani leo naongelea vitu vya ndani, vile vilivyojaa juu ya kabati, uvunguni, nyuma ya mlango, stoo kama unayo, na kama huna stoo basi ile kona ya chumba cha watoto ambayo kila mtu anaijua na hakuna anayeitaja. Nasikia sana watu wakisema sina hamasa, nitapanga nikipata hamasa, na mi naona hapo ndio tunapozungukia siku zote, maana nyumba zetu hazijajaa kwa uvivu. Mama anayeamka alfajiri akafagia uwanja kabla jua halijatoka, akadeki, akafua, akaosha na vyombo vya jana, huyo utamwitaje mvivu? Shida iko kwingine. Kitu kinakaa ndani kwa sababu hakina pa kwenda. Kukitupa roho inakusuta, kukiuza ni shughuli nzima, kumpa mtu unaona haya kwamba atanichukuliaje, basi kinarudi juu ya kabati kilikotoka na mwaka unaisha.

Sisi tumelelewa kwenye kutotupa na malezi hayo nayaheshimu sana. Kopo la Blue Band likiisha linakuwa kipimo cha mchele au kopo la kuogea, chupa ya jemu inawekwa chumvi, gunia linawekwa mlangoni la kufutia miguu, fulana ikichakaa inakuwa dekio. Watu wamejenga na wamesomesha kwa akili hiyo. Na vitu vingine unavyoviona vimerundikana vina sababu yake, chukua mfano madumu. Mgeni akija kwangu akaona madumu pale uani anaweza kusema hawa wamezidi, lakini aliyekuwepo Dar Oktoba 2022 anakumbuka maji ya Ruvu yalivyopungua tukaingia kwenye mgao, dumu la lita 20 lilikuwa mali, ukilikuta limeachwa hovyo nje kesho hulioni. Kwaiyo mi siwezi kumwambia mtu wa Dar atupe madumu. Ninachosema yafunikwe, yakae sehemu moja, na yaliyotoboka yaondoke, kwa sababu masika yakianza Machi kila chombo kilichoachwa wazi uani kinashika maji na mbu wa dengue anazaliana humohumo, kwenye ndoo, tairi, vifuu, makopo, anapenda maji yaliyotulia na anauma mchana kweupe. 2019 dengue ilivyotupiga hapa mjini mnaikumbuka, homa ya kuvunja mifupa, nyumba hadi nyumba. Mtu akiniuliza nianzie wapi huwa namwambia anzia uani, tena kabla ya mvua, hapo hamna mjadala wa kumbukumbu wala wa nani alininunulia, dumu lililotoboka limetoboka.

Ndani ndio kuna kazi.

Nikueleze ilivyokuwa kwa mama yangu Tandika ndio utanielewa vizuri. Mama ana chumba kimoja kimejaa vitu toka baba yuko hai, masanduku, mabegi, mashangazi kaja, deki ya kanda, TV ya chogo na antena yake ambayo haijashika picha toka mitambo ya analojia ilivyozimwa Dar tarehe 31 Desemba 2012. Kila tukimwambia mama tuje tukusaidie kupanga anajibu acheni, vitu vyangu najua vilipo, na kweli anajua, ukimuuliza pasi ya mkaa iko wapi anakwambia nyuma ya sanduku jekundu na unaikuta. Hatukuwa tunamlazimisha, chumba ni chake. Sasa mwanzoni mwa 2025 Benki Kuu ilikuwa inataka noti za zamani zirudishwe benki, zile za kuanzia 1985 mpaka 2003 pamoja na mia tano ya karatasi ya 2010, zoezi linaanza 6 Januari linaisha 5 Aprili, baada ya hapo hazina kazi. Mama kasikia redioni, akanipigia mwenyewe. "Mwanangu njoo Jumamosi na kaka yako, kuna hela zangu niliweka mahali."

Tukaenda. Wanawake wa umri wa mama yangu walikuwa wanaficha hela sehemu ambazo mwizi hawezi kuzifikiria, kwenye pindo la gauni, ndani ya foronya, kwenye kopo la majani ya chai, kwenye pochi iliyo ndani ya pochi iliyo ndani ya begi. Kwaiyo ilibidi tufungue kila kitu, sanduku baada ya sanduku, tunakung'uta, tunakunjua, tunakunja. Noti tulizipata chache, zilikuwa kwenye bahasha ya kaki chini ya mashuka, zimenyooka kabisa. Ila ikafika alasiri chumba kizima kiko kwenye mkeka sebuleni na mama mwenyewe ndio amekaa katikati anachambua, hiki weka huku, hiki weka kule, hiki cha nani mbona sikijui. Mtu ambaye tumembembeleza miaka yote! Alikuwa na sababu moja inayoshikika na tarehe ya mwisho, basi. Na ilisaidia pia kwamba ilikuwa Shaaban, Ramadhani ya mwaka ule iliangukia mwanzoni mwa Machi, na Shaaban kwetu ndio mwezi wa kufua mapazia, kutoa mikeka nje, kupiga rangi kama hela ipo, huwezi kuingia mwezi mtukufu na vumbi la mwaka mzima.

Alafu tukafika kwenye sanduku la kanga.

Wanaojua wanajua. Sanduku la kanga la mama mtu mzima haliguswi. Mle kuna doti za kupewa harusini, za misibani, za kununua mtaa wa Uhuru enzi hizo, za kuletewa na wifi yake kutoka Unguja, kuna ambazo hazijawahi kukatwa katikati mpaka leo. Nikamuuliza kwa upole mama hizi nazo tuzirudishe zilivyo? Akachukua moja kuukuu, akaikunjua, akasoma jina lake kwa sauti polepole, akaipitisha mkono. Alafu ananiuliza, "Mdogo wako anajifungua lini?" Mdogo wangu mtoto wa mama mdogo, alikuwa na mimba ya kwanza. Nikamwambia mwezi wa nne in shaa Allah. "Kliniki wameshamwambia aende na kanga ngapi?" Nikasema sijui mama. "Lete mfuko."

Na akaanza kutoa yeye mwenyewe, tena kwa ujuzi ambao mi sina. Kanga mpya alikuwa anaziruka, anasema hii ina wanga bado ngumu, hii itatoa rangi, hii mtoto itamkwaruza. Anatafuta zile kuukuu, zilizofuliwa mpaka zimekuwa laini zinashikana na mkono, kwa sababu ndio zinanyonya maji, ndio za kumpokelea mtoto, ndio za kumfutia na kumfunika, na mzazi akijifungua anahitaji nyingi sio moja wala mbili. Kanga ambazo mi kwa akili yangu ningesema hizi zimechoka ziwe dekio, kumbe ndio zilizokuwa na thamani kuliko zote mle sandukuni. Akajaza mfuko mkubwa. Akabaki na kisutu yake aliyoolewa nayo, za kuswalia, za kwendea misibani na zile mpya ambazo amesema ni za wajukuu wakiolewa. Sanduku likafunga bila kukaliwa.

Nilikaa nalifikiria hili jambo siku nyingi baadae. Mama hakuwa na tatizo la kuachia vitu. Alikuwa hajapata wa kumwachia. Sisi tulikuwa tunamwambia "punguza vitu mama", na kupunguza maana yake nini kwa mtu ambaye kila kitu kile anakumbuka kilivyomfikia? Alivyosikia jina la mtu na tarehe ya kujifungua mkono ukaenda wenyewe.

Toka hapo nikaanza kufanya hivyohivyo kwangu Tabata na hii ndio kitu nataka nikuachie leo: usianze na kabati, anza na simu. Yaani umerudi zako jioni, foleni ya Mandela imekutoa roho, watoto wanataka kula, hakuna binadamu atafungua kabati saa hiyo apate nguvu. Lakini simu unaishika tu hata ukiwa umejinyoosha kwenye kochi. Mpigie wifi yako muulize mtoto anavaa namba ngapi sa hivi. Mwulize jirani aliyehamia juzi kama ana jiko la ziada. Mtafute yule binti aliyekuwa dada wa kazi kwako akaolewa, muulize ameanza maisha na vyombo gani. Ukishaambiwa "dada mi nahitaji sufuria, hata moja" basi umeshaahidi, na ahadi ni deni, Jumamosi utaamka utafungua hilo kabati wewe mwenyewe kwa sababu kuna mtu anakuja saa nne kuchukua. Hamasa uliyokuwa unaisubiri miezi sita inakuja na bodaboda ya mtu.

Kabati la vyombo nalo nilizungumzie maana hapa ndipo wanawake wengi tumekwama. Ukifanyiwa kicheni pati unapewa vyombo vya kufungulia hoteli. Thamosi za chai, seti za hotipoti, seti za vikombe vya maua na sahani zake, jagi na glasi zake sita, trei, masufuria ya kuingiliana. Vinapangwa kwenye kabati la kioo sebuleni na vinakuwa vyombo vya wageni, na wageni wenyewe wakija wanakunywa soda kwenye chupa. Mwaka baada ya mwaka unavitoa, unavifuta vumbi, unavirudisha. Na ukiambiwa utoe hata seti moja unahisi kama unanyang'anywa ingawa hujawahi kunywea.

Hii hali wachumi wameipima. Daniel Kahneman, Jack Knetsch na Richard Thaler walichapisha majaribio yao mwaka 1990, waliwachukua wanafunzi wa chuo kikuu cha Cornell kule Marekani, nusu wakawapa vikombe na nusu hawakuwapa, vikombe vya kawaida tu vya kunywea. Alafu wakawaambia wauziane. Wenye vikombe walikuwa wanataka karibu mara mbili ya bei ambayo wasio navyo walikuwa tayari kutoa, na hivyo vikombe wamepewa muda huohuo, hamna aliyevirithi kwa bibi wala kupewa na mkwe. Sasa fikiria wewe ambaye kikombe umepewa na shangazi yako siku ya kicheni pati mbele ya watu, na shangazi mwenyewe keshatangulia mbele za haki. Ndio maana ukijiuliza "nakihitaji hiki?" jibu linakuja nakihitaji, kila siku nakihitaji. Kwaiyo mi swali hilo nimeliacha. Najiuliza nani atakitumia wiki hii.

Vyombo vyangu vilienda hivi. Seti nzuri kuliko zote nimeitoa kabatini nimeiweka jikoni, tunanywea chai sisi wenyewe kila asubuhi, watoto wamevunja kikombe kimoja na maisha yanaendelea, chombo cha shangazi kinatumika na nikikishika namkumbuka na kumuombea dua. Seti mbili nikampa yule binti niliyewahi kukaa nae. Hotipoti kubwa mbili nimepeleka madrasa wanakosoma wanangu, wakiwa na maulidi au futari wanazitumia, na mi nikiwa na shughuli najua ziko wapi. Thamosi moja ikaenda kwa mama anayeuza chapati na chai pale kona ya mtaa wetu, yake ilikuwa imepasuka kioo cha ndani, na siku ya pili nimepita nikakuta wateja wamekaa kwenye benchi wanamiminiwa chai inayotoka moshi. Kabati lilibaki na nafasi. Sijaijaza.

Ila kuna adabu ya kutoa na bila hiyo adabu bora kitu kikae tu juu ya kabati. Kitu cha kwanza, kile ambacho wewe mwenyewe ungepewa ungenuna, usimpe mtu. Kwenye Al-Baqara aya ya 267 tumeambiwa tusikusudie kutoa vile vibaya ambavyo sisi wenyewe tusingevipokea ila kwa kufumba macho, na mi hiyo ndio nimeifanya kipimo changu nikiwa nachambua nguo. Zipu imekufa, kwapa limebadilika rangi, kiatu kimefungua mdomo, hiyo sio sadaka. Kama inatengenezeka peleka kwa fundi kwanza ndio utoe. Pili, fua. Pasi ipite. Kunja vizuri weka kwenye mfuko mzuri, hii mifuko mbadala tunayo kibao majumbani toka mifuko ya plastiki ilivyopigwa marufuku Juni 2019, mi nilikuwa nayo imejazana nyuma ya mlango wa jiko na sa hivi kila nikitoa kitu na mfuko unatoka. Tatu, uliza kabla. Sio unamshushia mtu furushi mlangoni mbele ya majirani zake eti nimekuletea nguo. Unampigia, unamwambia mtoto wangu amekua kuna sare ziko vizuri tu naona mwanao zitamtosha, nimtume kijana alete? Akisema hapana usimchukie, nae ana nyumba yake na kona yake ya vitu.

Sare za shule ni kitu ambacho kwa kweli kinaniuma nikikiona kimekaa ndani. Shule za serikali hazina ada, kweli, lakini sare, viatu, soksi, sweta, begi na madaftari vyote mzazi anatoa mfukoni, na Januari ndio mwezi ambao kila mtu hana kitu, umetoka Desemba, kodi ya nyumba inaweza kuwa imeangukia hapohapo. Kuna mtoto anaanza darasa la kwanza kwa shati la kuazima wakati shati jeupe zuri kabisa limekunjwa kwenye begi uvunguni kwa mtu mwingine mtaa huohuo. Shati jeupe na sketi ya bluu au kaptula ya bluu havina mwenyewe, mtoto wa shule ya mtaa wa pili anavaa kilekile, tena mtoto wa miaka sita anakua fasta sare inabana kabla haijachakaa. Mi ningependa kila mtaa uwe na mama mmoja anayekusanya sare Desemba, sio kwa kujitangaza, ni kuwa na begi tu na kujua nani ana mtoto wa umri gani. Madaftari nayo, kurasa ambazo hazijaandikwa zichanwe zishonwe pamoja, watoto wanafanyia hesabu.

Kuna vitu havina wa kupewa na lazima tuseme ukweli. Chaja za Nokia za kichwa chembamba, rimoti zisizo na TV, nyaya, betri, redio iliyokufa. Hivi wapo jamaa wanapita mitaani na guta, wana spika wamerekodi sauti inajirudia vyuma chakavu, simu mbovu, betri mbovu, unawasikia toka mtaa wa tatu. Waite. Wanapima kwenye mzani wa kuning'iniza wanakupa hela ya mboga, na chuma kinaenda kuyeyushwa kinarudi kuwa nondo. Chupa za maji nazo wapo wanaookota makopo wanauza kwa kilo, ukiwawekea pembeni kwenye kiroba kimoja badala ya kuchanganya na taka za jikoni unakuwa umemrahisishia mtu riziki yake. Dawa zilizobaki hizo usimgawie mtu, nasema kwa msisitizo, nusu dozi ya mseto ya mwaka juzi na sharubati ya kikohozi iliyofunguliwa sio msaada, angalia tarehe, iliyopita muda iondoke na isiachwe mahali mtoto anafika.

Makaratasi ndio mi huwa nayapa siku yake peke yake. Vyeti vya kuzaliwa, vyeti vya shule, mkataba wa nyumba, karatasi za kiwanja, kadi za kliniki za watoto, hivi vyote viwe kwenye faili moja, nyumba nzima ijue liko wapi, na liwe juu, pasifike maji wala mchwa. Risiti za LUKU umeme ulishaingia basi kazi yake imeisha. Risiti za EFD zile za karatasi laini wino unafutika wenyewe, zikikaa kwenye joto baada ya muda unabaki na karatasi jeupe, kwaiyo ya kitu chenye waranti ipige picha siku hiyohiyo. Kama una biashara ni jambo lingine, TRA wanataka kumbukumbu zikae miaka 5, tafuta boksi lake uandike mwaka juu. Kadi za michango ya harusi za watu ambao sa hivi wana watoto wawili, hizo mshukuru Mungu ndoa zimesimama alafu uziachie.

Na vya mume? Mume wangu ana boksi la spana, skrubu, soketi za umeme, vipande vya nyaya na redio kaseti ambayo alinunua kwa mshahara wake wa kwanza. Sijaligusa. Kitu cha mtu ni cha mtu, hata kama kinakukera kila ukipita, ukikitoa bila idhini yake umevunja imani na hata cha kwako hataki tena ukiguse. Nilichofanya nilimuuliza siku moja tumetulia, baba watoto hivi yule fundi kijana pale njiapanda ana vifaa? Akakaa kimya. Jumapili nikamkuta kajikalisha uani na boksi lake, anachagua skrubu moja moja, za mbao huku za chuma kule, spana zilizo mbili mbili anatoa moja. Alizipeleka mwenyewe na akakaa huko mpaka magharibi wanaongea ufundi. Redio kaseti imebaki na mi nimeifutia vumbi nikaiweka kwenye shelfu sebuleni.

Watoto wao ni rahisi kuliko tunavyodhani, mradi usiwachukulie vitu vyao kimyakimya wakiwa shule. Binti yangu nilimwambia achague midoli ya kumpa mtoto wa mama yake mdogo akishakua kidogo, kachagua wa kwanza ambao yeye anaupenda. Nikamuuliza una uhakika? Akaniambia mama si umesema anakuja mtoto mchanga. Kuna ile aya ya Aal Imran, ya 92, kwamba hamtaufikia wema mpaka mtoe katika vile mnavyovipenda, nimeisikia ikisomwa toka niko chuoni utotoni, na ile siku nimeiona imekaa mbele yangu ina miaka saba imeshika mdoli.

Muda nao watu wananiuliza unapata wapi. Kwangu ni Jumamosi asubuhi watoto wakiwa madrasa, nafungua droo moja au rafu moja, sio chumba. Chumba kizima kinakutoa machozi, saa sita mchana vitu viko kitandani, umechoka, wageni wanapiga hodi, unavirudisha vyote kwa hasira. Droo moja unaimaliza chai haijapoa. Na mfuko wa kutoa ukishajaa unatoka siku hiyohiyo, hii naomba uishike, mfuko ukilala mlangoni usiku mmoja kesho yake utakuta umeshaanza kuchomoa kitu kimoja kimoja unasema aah hiki hebu nikiache. Mpe bodaboda, mpe mtoto apeleke, mwambie mwenyewe apitie. Jumamosi ya mwisho wa mwezi inafaa zaidi maana mtaa mzima uko kwenye usafi, toka Rais Magufuli alivyoifanya sherehe ya uhuru ya 9 Desemba 2015 kuwa siku ya kufagia nchi nzima na huu utaratibu wa kila mwezi ukapata nguvu, majirani wako nje, wa kuwapa unawaona kwa macho.

Mdogo wangu alijifungua salama, mtoto wa kiume, na mama alikuwa hospitali toka alfajiri na ule mfuko wa kanga mkononi. Nesi alipoomba kanga nyingine mama alikuwa nayo, akaomba nyingine, alikuwa nayo. Na mama wa kitanda cha pembeni aliyekuja haraka na kanga mbili tu nae akapewa palepale, mama hata hakumuuliza jina.

TV ya chogo bado iko Tandika. Fundi mmoja wa Temeke amesema ataichukua kwa ajili ya vipuri akipata guta, kaka yangu anamfuatilia. Mi huku nimeshaanza simu za Desemba, wifi ameniambia mwanae anaingia darasa la kwanza Januari, shati namba sita, viatu namba 30, na anaomba kama kuna sweta. Sweta lipo, kifungo kimoja ndio kimetoka, Jumamosi linaenda kwa fundi.